Bei ikishuka, imani isishuke nayo

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, mwenye kumkunjulia riziki amtakaye na kumbania amtakaye. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aliyejulikana kwa uaminifu wake katika biashara kabla hajapewa Utume, pamoja na ahali zake na maswahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, wiki hii naandika kutokana na swali. Baada ya darsa ya akina mama ninayoisomesha hapa Tanga kila Jumamosi, alinifuata mama mmoja mjane akanionesha ujumbe katika simu yake. Ujumbe ulisema kuwa benki fulani iko taabani, mwenye akiba yake aitoe kabla ya Jumatatu, na kila anayeupata awatumie wenzake. Haukuwa na jina la aliyeuandika wala tarehe.

"Ustadhi," akanambia, "fedha za mirathi ya wanangu zimo humo. Tangu juzi sijalala. Nizitoe nikazifukie ndani?"

Ningeweza kumjibu haraka haraka kwa kumwambia awe na tawakkul, kisha nikaenda zangu. Lakini mama yule hakuwa na upungufu wa imani. Alikuwa na mayatima watatu na amana mikononi mwake. Nilimwomba tukae kitako, kwani swali lake lilinirudisha Mombasa mwaka 2008, nyumbani kwa ami yangu.

Ami na hisa zake

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikisubiri kwenda chuo kikuu. Baba alinipeleka kwa ndugu yake Mombasa nimsaidie dukani. Ami alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi: misumari, rangi, mabati na saruji. Alikuwa mtu wa swala tano, mkarimu, na msikiti wa mtaa wake ulipoezekwa upya mabati mengi yalitoka kwake.

Katika miezi ya Machi na Aprili 2008 Serikali ya Kenya iliuza kwa umma hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom, kila hisa kwa shilingi 5 za Kenya. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika machafuko ya baada ya uchaguzi, na watu waliziona hisa zile kama habari njema ya kwanza kwa muda mrefu. Foleni zilikuwa ndefu. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo kwa zaidi ya mara nne. Wauza mboga waliomba, walimu waliomba, na mabenki nayo yakatangaza mikopo ya kununulia hisa.

Ami naye akakopa. Alichukua shilingi 300,000 kwa riba, akaweka mali ya duka kuwa dhamana. Nilimsikia akimwambia ami mke kuwa riba ile ni ya miezi miwili tu, bei ikipanda atauza, atalipa, na atatubia. Kwa hakika hii ndiyo kauli ambayo shetani anaipenda kuliko zote: kuipangia dhambi muda, na kuipangia toba tarehe.

Kwa kuwa waombaji walikuwa wengi, ami, kama wengi wengine, alipata sehemu ndogo tu ya hisa alizoomba, na fedha zilizobaki zikarejeshwa baadaye. Huo ulikuwa mlango wa kutokea ambao Allah alimfungulia. Angezirudisha benki, deni lingebaki dogo. Lakini hisa zilipoanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi tarehe 9 Juni 2008, bei ilipanda ikavuka shilingi 7. Ami alipiga hesabu ya faida, akazichukua fedha zilizorejeshwa akanunua hisa nyingine, safari hii kwa bei ile ya juu.

Baada ya hapo bei ikaanza kuteremka. Ikateremka Julai, ikateremka Agosti. Ilipofika Septemba, ami alikuwa halali. Alikuwa akikaa mbele ya televisheni mpaka usiku wa manane akisikiliza habari za New York, yeye ambaye alikuwa akilala baada ya Swala ya Isha ili aamke kabla ya Alfajiri. Siku moja aliniuliza, na sauti yake naikumbuka hadi leo: "Mwanangu, hawa Wamarekani wana nini na mimi?"

Kilichotokea Marekani

Swali la ami lilikuwa zuri, na mimi sikuwa na jibu wakati ule. Nimelipata baadaye kwa kusoma.

Huko Marekani mabenki yalikuwa yamewakopesha watu fedha za kununulia nyumba, wakiwemo watu ambao kila mtu alijua hawataweza kulipa. Madeni yale yakafungwa pamoja kama matita ya kuni, yakauzwa kwa mabenki mengine na kwa mifuko ya uwekezaji duniani. Aliyeuza hakujali kama mkopaji atalipa, kwani deni halikuwa lake tena. Aliyenunua hakujua ndani ya tita mna nini. Bei za nyumba ziliposhuka, wakopaji wakashindwa, na matita yale yakakosa thamani.

Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers, iliyokuwa na mali za zaidi ya dola bilioni 600, iliomba kufilisiwa. Ikumbukwe kuwa katika miaka yake ya mwisho kila dola 1 ya mtaji wake mwenyewe ilibeba takriban dola 30 za mali. Zilizobaki zilikuwa fedha za watu. Tarehe 29 Septemba kipimo cha Dow Jones cha soko la hisa la New York kilianguka kwa zaidi ya nukta 770 kwa siku moja. Siku chache baadaye serikali ya Marekani ikapitisha sheria ya kutenga dola bilioni 700 za kuyaokoa mabenki. Oktoba hiyo hiyo mabenki matatu makubwa ya Iceland yakaanguka kwa mpigo.

Wawekezaji wakubwa waliobanwa na madeni huko kwao walikimbilia kuuza chochote kinachouzika, popote kilipo, wapate fedha taslimu. Nairobi ikawa mojawapo ya sehemu walikouza. Hivyo ndivyo nyumba ya mtu wa Florida ilivyomkosesha usingizi muuza saruji wa Mombasa.

Mwanzoni mwa mwaka 2009 bei ya hisa ile ilikaribia shilingi 3. Benki ilikuwa inadai kila mwezi. Ami akauza zote.

Deni linavyomnyang'anya mtu subira

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapotaka tutulie. Wapo watakaosema ami alikosea kuuza, kwani mwaka 2021 hisa ile ilivuka shilingi 40. Na wengine watajibu kuwa mwaka 2023 ilishuka tena chini ya shilingi 15, kwa hiyo hakuna ajuaye. Yote mawili ni kweli, lakini siyo somo lenyewe. Somo ni kwamba ami hakuwa na uwezo wa kusubiri hata kama angetaka. Deni la riba lilikuwa limemnyang'anya subira.

Katika Suratul Baqara, aya ya 155, Allah (SW) anatueleza kuwa atatujaribu kwa kitu cha khofu na njaa, na upungufu wa mali, wa nafsi na wa mazao, kisha anawabashiria kheri wenye kusubiri. Tazama jinsi khofu na upungufu wa mali vilivyotajwa katika aya moja. Bei kushuka ni mtihani wa kawaida wa dunia. Mkulima hukosa mvua, mvuvi hukosa samaki, mwenye hisa hukuta bei imeanguka. Dawa iliyotajwa ni subira. Sasa jiulize: mtu aliyeiweka rehani subira yake benki, ataitoa wapi siku ya mtihani?

Anas bin Malik (RA) amesimulia, katika Sahihi ya Bukhari, kuwa Mtume (SAW) alikuwa akikithirisha kujikinga kwa Allah na mambo kadhaa. La kwanza na la pili ni wasiwasi na huzuni, na miongoni mwa yaliyofuatia ni uzito wa deni. Mtume wetu (SAW) aliviweka katika dua moja ugonjwa wa moyo na mzigo wa mfukoni. Sisi hutenganisha. Tukikosa usingizi tunatafuta kisomo, na asubuhi tunakwenda kusaini mkopo mwingine.

Ukiyatazama matukio ya mwaka 2008 utaona jambo hilo hilo kuanzia chini hadi juu. Mwenye nyumba Marekani hakuweza kusubiri bei ipande kwa sababu ya deni. Lehman Brothers haikuweza kusubiri kwa sababu ya deni. Ami yangu hakuweza kusubiri kwa sababu ya deni. Aliyenunua hisa kwa fedha yake ya ziada, asiyeihitaji kwa karo wala kwa chakula, alipata hasara katika karatasi, lakini usiku alilala.

Je, hisa ni haramu?

Swali hili huulizwa sana. Hisa ni ushirika, na ushirika ni biashara ya tangu zama za Mtume (SAW): mnachanga mtaji, mnagawana faida, mnabeba hasara. Ukinunua hisa ya kampuni ambayo kazi yake ni pombe, kamari au kukopesha kwa riba, hilo halina mjadala. Ama kampuni yenye kazi ya halali ambayo pembeni inaweka au inakopa fedha kwa riba, wanazuoni wa zama hizi wamekhitilafiana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jeddah, katika azimio lake la mwaka 1992, liliona kuwa asili yake ni haramu. Wapo wengine walioruhusu kwa masharti na viwango maalumu, na kwa sharti la kuitakasa faida. Muulize mwanachuoni unayemwamini kabla ya kununua, siyo baada ya bei kuanguka.

Azimio hilo hilo lilikataza kununua hisa kwa mkopo wa riba, na lilikataza kuuza hisa ambayo muuzaji haimiliki, kwa kuwa Mtume (SAW) alimkataza Hakim bin Hizam (RA) kuuza asichokuwa nacho. Septemba 2008, moto ulipokuwa umeshika, wasimamizi wa masoko ya hisa Marekani nao walipiga marufuku kwa muda uuzaji wa namna hiyo kwa hisa za mamia ya kampuni za fedha. Marufuku yao ilidumu wiki chache tu. Sheria ya Allah haingoji moto uwake.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Novemba 2009 kampuni ya serikali ya Dubai iliwaomba wadai wake muda kwa sababu ilishindwa kulipa kwa wakati, na miongoni mwa madeni hayo zilikuwemo sukuk, hati zilizopewa jina la Kiislamu. Jina la Kiislamu halimkingi mtu aliyejenga majumba ya anasa kwa matumaini kuwa bei zitapanda milele. Allah anatazama muamala, hatazami bango lililo mlangoni.

Nami nikiri la kwangu. Machi 2020, wakati wa maradhi ya korona, nilikuwa na hisa chache katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, nilizozinunua kwa akiba yangu bila ya mkopo. Siku ile Dow Jones ilipoanguka kwa karibu nukta 3,000, nilijikuta baada ya Swala ya Alfajiri mkono umeshaingia mfukoni kutafuta simu kabla ulimi haujamaliza uradi. Sikuwa na deni, na bado nilitetereka. Mimi ninayesomesha! Ndipo nilipofahamu kuwa riba ni mlango mmoja wa khofu, na kupenda mali ni mlango mwingine. Katika Suratul Hadid, aya ya 23, tunafunzwa tusihuzunike kwa kilichotupita wala tusijigambe kwa tulichopewa. Mwenye kujigamba bei inapopanda ndiye atakayezimia inaposhuka.

Uvumi unaoua benki

Turudi kwa yule mama na ujumbe wake. Benki haiweki fedha zako kabatini. Inazizungusha, nyingine kwa miaka mingi, huku ikibakisha kiasi cha kuwalipa wanaokuja kila siku. Wakija wote siku moja, hata benki iliyo nzima itayumba.

Tarehe 9 Machi 2023, huko California, wateja wa benki ya Silicon Valley waliomba kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi wao kwa simu na kompyuta, baada ya habari kuenea katika mitandao kwamba imepata hasara. Siku ya pili yake ilifungwa. Jirani zetu Kenya, Chase Bank iliwekwa chini ya usimamizi Aprili 2016 baada ya wateja kuikimbilia. Katika yote mawili kulikuwa na kasoro za kweli ndani ya benki, tusiseme ni uvumi mtupu. Lakini uvumi uligeuza ufa kuwa shimo kwa saa chache, na waliochelewa kuingia katika foleni ndio walioumia kwanza.

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuipeleleza habari anayotuletea mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Kila anayebonyeza kitufe na kuusambaza ujumbe usio na mwenyewe, naye ni mpeleka habari. Huenda akaamka siku ya Kiyama akakuta mayatima wanamdai.

Siku ya jeneza

Ami yangu alifariki mwaka 2014, Allah amrehemu. Deni la benki alikuwa amelimaliza baada ya miaka mitatu ya tabu, na duka likabaki nusu ya lilivyokuwa. Kabla ya kumswalia, binamu yangu mkubwa alisimama akatangaza kama ilivyo ada: mwenye kumdai marehemu aje kwa familia. Baada ya maziko alikuja mzee mmoja muuza samaki, akizungumza kwa haya kama kwamba yeye ndiye mwenye deni. Mwaka 2008 alimpa ami shilingi 40,000 amnunulie hisa kwa jina la ami. Hazikuandikwa popote. Kwa miaka sita mzee yule hakudai, na ami hakumwambia mtu. Nadhani aliona aibu.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Sisi tunaisoma kwa tajwidi nzuri, kisha tunapeana fedha barazani kwa kuaminiana.

Binamu yangu alimshika mkono mzee yule akamwambia mbele yetu: "Baba, deni hilo ni langu." Nilimkumbuka Abu Qatada (RA), aliyesimama siku Mtume (SAW) alipojizuia kumswalia maiti mwenye deni la dinari chache, akasema deni lile ni juu yake, ndipo Mtume (SAW) akamswalia. Lililipwa kidogo kidogo kwa muda wa mwaka na zaidi. Siku la mwisho lilipolipwa, ami mke alilia kuliko alivyolia siku ya msiba.

Nilichomjibu mama

Nilimwuliza mama yule: "Unadaiwa?" Akasema hadaiwi na mtu. Nikamwambia, basi una kitu ambacho ami yangu hakuwa nacho. Una muda wa kuuliza.

Nikamshauri aende benki mwenyewe Jumatatu, asiende kupigana na foleni bali kumwona meneja, aulize na ajibiwe. Aulize pia Bodi ya Bima ya Amana inalinda akiba hadi kiwango gani, na kama fedha za watoto zinazidi kiwango hicho, azigawe katika benki mbili, akitafuta akaunti zisizo na riba. Aandike fungu la kila mtoto, na mashahidi waweke saini. Asizifukie ndani, kwani mwizi na moto navyo vipo, na imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (RA) kuwa aliusia mali za mayatima zifanyiwe biashara zisije zikaliwa na zaka. Na ule ujumbe aufute, asimtumie mtu.

Kisha nikamwambia la mwisho: akishafanya hayo yote, usiku alale. Ngamia ameshafungwa. Kilichobaki ni cha Mwenye ngamia.

Ndugu yangu unayesoma, nawe jiulize leo, kabla soko halijaanguka tena, maana litaanguka tena: nikipoteza nilichowekeza, je, nitalala? Na nikifa usiku huu, je, wanangu watajua nani ananidai? Kama jibu la mojawapo linakutia khofu, anza nalo hilo leo, achana kwanza na bei.

Tunamuomba Allah (SW) atukinge na wasiwasi na huzuni, atuondolee uzito wa madeni, na ajaalie mali zetu ziwe mikononi mwetu, zisiwe nyoyoni mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.